Kwa nini samaki wa kidimbwi hufa alfajiri

HAKUNA hasara inayomshtua mfugaji wa samaki kama ile ya kuamka asubuhi na kuwakuta samaki aliowalisha jana jioni wakielea juu ya maji, wamekufa. Hawakuwa na vidonda. Walikula vizuri. Maji yalikuwa na rangi ya kijani, rangi ambayo mfugaji amefundishwa kuwa ni dalili ya kidimbwi chenye rutuba. Linalofuata mara nyingi ni tuhuma: ni nani aliyetia sumu? Katika vijiji vinavyolizunguka soko la Awasi, kando ya barabara kuu itokayo Kisumu kwenda Kericho, kama ilivyo kwingineko katika nyanda za Kano, tuhuma ya namna hiyo inaweza kuharibu ujirani wa miaka mingi.

Sumu ipo, na itazungumziwa hapa chini. Hata hivyo, vifo vingi vya ghafla vya alfajiri hutokana na mabadiliko ya kemia ya maji yenyewe. Mabadiliko hayo hufuata jua na giza kwa mpangilio unaojulikana, na mtu anaweza kuyapima na kuyazuia kabla hasara haijatokea.

Haja ya kuyaelewa imeongezeka tangu mwaka wa 2009, serikali ya Kenya ilipoanzisha mpango wa kuchochea uchumi ambao, miongoni mwa mambo mengine, ulilenga kuchimba vidimbwi 200 vya samaki katika kila moja ya maeneo bunge 140. Kila kidimbwi kilikuwa na ukubwa wa mita mraba 300. Maelfu ya watu ambao hawakuwahi kufuga samaki walijikuta wakimiliki maji. Walipewa vifaranga na chakula cha kuanzia, lakini elimu ya maji haikuenda kwa kasi ya majembe, na baadhi ya vidimbwi hivyo baadaye viligeuka kuwa makazi ya vyura na nyasi.

Ziwa Victoria lenyewe halijasalimika. Mwaka wa 1984 samaki wengi walikufa kwa pamoja katika Ghuba la Winam, na mtafiti Peter Ochumba wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya (KMFRI) aliandika kuhusu vifo vya aina hiyo akivihusisha na upungufu wa oksijeni. Mwishoni mwa mwaka wa 2022 wafugaji wanaotumia vizimba upande wa Kisumu walipata pigo kama hilo, pale maji ya chini yasiyo na hewa yalipopanda juu. Iwapo ziwa lenye eneo la karibu kilomita mraba 68,800 linaweza kuishiwa na pumzi mahali fulani, kidimbwi cha mita mraba 300 kina kinga ndogo zaidi.

Pumzi ya mchana na pumzi ya usiku

Rangi ya kijani ya kidimbwi hutokana na mwani mdogo mno, mimea isiyoonekana mmoja mmoja kwa macho. Mchana, mwani huo hutumia mwanga wa jua kufyonza hewa ya ukaa, yaani kabonidayoksaidi, na kutoa oksijeni. Ifikapo saa tisa alasiri siku ya jua kali, kidimbwi chenye rutuba huwa na oksijeni nyingi kuliko maji yanavyoweza kuihifadhi, na vipovu huonekana vikitoka.

Jua likizama kiwanda hicho hufungwa, lakini walaji hawaendi likizo. Samaki wanapumua, mwani wenyewe unapumua, na bakteria walio kwenye tope la chini wanaooza mabaki ya chakula na samadi wanapumua pia. Oksijeni hupungua saa baada ya saa na kufikia kiwango cha chini kabisa kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili alfajiri. Ndiyo sababu kifo huchagua saa hiyo.

Awasi ina ugumu wa ziada usioonekana. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na nyanda za Kano ziko juu zaidi ya hapo. Kadiri mtu anavyopanda, ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi na maji yanavyobeba oksijeni kidogo. Maji baridi ya nyuzi 25 za Selsiasi yaliyo Mombasa huweza kushika zaidi ya miligramu 8 za oksijeni kwa lita. Maji hayo hayo yakiletwa Awasi hushika kidogo zaidi ya 7. Joto likipanda hadi nyuzi 30, kiasi hicho hushuka tena.

Tilapia, ambaye wengi katika eneo hili humwita ngege, ni mvumilivu. Huweza kuishi kwa muda mfupi katika maji yenye oksijeni chini ya miligramu 1 kwa lita, akinyonya tabaka jembamba la juu lililogusana na hewa. Samaki wanaoonekana asubuhi wakipanua vinywa juu ya maji hawasalimii mtu, wanatafuta pumzi. Kwa kukua vizuri huhitaji walau miligramu 3, na zaidi ya hapo ni bora.

Usiku wa hatari hutabirika. Ni ule unaofuata siku ya mawingu mazito, hasa wakati wa mvua za masika kati ya Machi na Mei, kwa kuwa mwani haukupata jua la kutengeneza akiba. Ni ule unaofuata mvua kubwa ya baridi inayochafua tabaka za maji na kuinua tope. Ni ule unaofuata siku ambayo maji ya kijani yamebadilika ghafla na kuwa ya kahawia, ishara kwamba mwani umekufa kwa wingi na sasa unaoza.

Jambo ambalo wafugaji wengi huliona la ajabu ni kwamba balaa huja karibu na wakati wa mavuno, katika kidimbwi ambacho kwa miezi mitano hakikuwa na tatizo lolote. Hesabu inaeleza. Vifaranga 1,000 vyenye uzito wa gramu 5 kila kimoja ni kilo 5 tu za samaki, na hula chini ya nusu kilo ya chakula kwa siku. Wakifikia gramu 250 kila mmoja, ni kilo 250, na hata wakipewa asilimia 2 ya uzito wao, hula kilo 5 kwa siku. Maji ni yale yale, lakini mzigo umezidi mara kumi. Mfugaji hupoteza samaki siku chache kabla ya kuwauza, baada ya kumaliza kulipia chakula chote.

Ni sumu au ni hewa?

Kabla ya kwenda kwa chifu, mfugaji anaweza kuuliza kidimbwi chenyewe. Oksijeni inapokwisha, samaki wakubwa hutangulia kufa na wadogo hubaki, kwa kuwa mkubwa huhitaji hewa nyingi zaidi. Kambare, au mumi kwa Kijaluo, huwa hai na mchangamfu, maana ana kiungo cha kuvuta hewa ya nje. Vifo hutokea usiku na kukoma jua linapopanda.

Sumu haina adabu hiyo. Huua wakati wowote wa siku, mara nyingi ikianza na wadogo, na haimwachi kambare. Wadudu wa majini na viluwiluwi hufa pia. Katika eneo lenye mashamba ya mpunga kama yale ya Ahero, yaliyoanza kumwagiliwa mwishoni mwa miaka ya 1960, pamoja na mashamba ya miwa ya upande wa Chemelil na Muhoroni, dawa za kuua wadudu na magugu zinaweza kuingia kidimbwini kwa mkondo wa mvua bila mtu yeyote kukusudia. Mtaro wa kuzuia maji ya nje yasiingie ni kinga muhimu, nao pia huzuia matope na kambare wa mwituni wanaoletwa na mafuriko ya Mto Nyando, ambao huwala vifaranga.

Akiba isiyoonekana

Hewa ya ukaa inapoyeyuka majini hutengeneza asidi dhaifu. Kwa hiyo usiku, viumbe vyote vinapoitoa, maji huelekea kwenye uchachu. Mchana, mwani unapoifyonza, huelekea upande wa magadi. Kipimo chake ni pH, ambapo 7 ni katikati, chini yake ni asidi na juu yake ni alkali. Kila hatua moja ni mabadiliko ya mara kumi, hivyo maji ya pH 9 yako mbali mara mia na yale ya pH 7. Tilapia huvumilia kati ya 5 na 10, ila hustawi kati ya 6 na 9.

Kinachoamua ukubwa wa bembea hiyo ni ualkali, yaani akiba ya bikaboneti na kaboneti inayomeza asidi inapoongezeka na kuiachilia inapopungua. Ni kama ghala la nafaka: mwenye ghala tupu huyumbishwa na kila siku ya njaa. Maji yenye ualkali chini ya miligramu 20 kwa lita yanaweza kuanza siku na pH ya 6 na kuifikisha karibu 10 alasiri ile ile. Yenye miligramu 50 hadi 150 hutikisika kidogo tu. Pamoja na hayo, ndicho kipimo ambacho wafugaji wengi hawajawahi kukichukua, wakati pH, ambayo hubadilika kila saa, hupimwa mara moja asubuhi na kuandikwa daftarini kana kwamba ni sifa ya kudumu ya kidimbwi.

Yapo maji ya visima yenye ualkali mwingi lakini yenye kalsiamu kidogo, kwa sababu bikaboneti yake imeshikana na sodiamu. Hayo ni ya kuangaliwa. Katika maji ya kawaida, pH inapopanda sana alasiri, kalsiamu hushikana na kaboneti, hujitenga kama unga mweupe na kusimamisha mpando. Pasipo kalsiamu breki hiyo haipo, na pH hupita 10. Dawa yake ni jasi, ambayo huongeza kalsiamu bila kuongeza ualkali. Kuyatia chokaa maji kama hayo ni kuongeza magadi juu ya magadi.

Sababu kubwa ya kuogopa pH ya juu ni amonia. Samaki huitoa kupitia matamvua baada ya kusaga protini. Kilo moja ya chakula chenye protini ya asilimia 30 huacha majini takriban gramu 30 za naitrojeni ya amonia. Lakini amonia ina sura mbili, moja karibu haina madhara na nyingine ni sumu, na pH ndiyo inayoamua ni ipi itatawala. Kwa joto la nyuzi 25, maji ya pH 7 yana chini ya asilimia 1 ya amonia katika sura ya sumu. Kwenye pH 8 ni zaidi kidogo ya asilimia 5. Kwenye pH 9 ni zaidi ya theluthi moja. Kidimbwi kinaweza basi kuwa salama asubuhi na kuwa na sumu saa tisa alasiri, bila mtu kuongeza chochote. Tilapia huanza kukataa chakula sumu hiyo ikiwa chini hata ya miligramu 0.1 kwa lita, na akihamishwa ghafla kwenye maji yenye zaidi ya miligramu 2 hufa katika siku chache.

Chokaa ya Koru na udongo mweusi

Wakazi wa Awasi wamebahatika kwa jambo moja. Huko Koru, juu ya Muhoroni, huchimbwa mawe ya chokaa, na mfugaji wa Kano hahitaji kuagiza bidhaa hiyo kutoka mbali. Lakini jina chokaa hubeba vitu vitatu tofauti, na kuvichanganya kumewaua samaki wengi.

Cha kwanza ni chokaa ya shamba, jiwe lililosagwa tu bila kuchomwa. Hii ni kaboneti ya kalsiamu, huyeyuka polepole, na maji yakikaribia pH 8.3 huacha kuyeyuka. Ni vigumu kuwadhuru samaki kwayo. Cha pili ni chokaa hai, jiwe lililochomwa kwenye tanuri, na cha tatu ni hiyo hiyo iliyozimwa kwa maji, ambayo mafundi hupakia kuta. Hizi mbili zikimwagwa kwenye maji yenye samaki hupandisha pH kupita 10 katika muda mfupi. Matumizi yake ni kwenye kidimbwi kilichokauka na kisicho na samaki, kwa ajili ya kuua vimelea na mayai ya samaki wasiotakiwa, kisha kusubiri wiki moja au mbili na kupima kabla ya kuweka vifaranga.

Kiasi cha kawaida cha chokaa ya shamba ni kilo 10 hadi 20 kwa kila mita mraba 100, hivyo kilo 30 hadi 60 kwa kidimbwi cha mita mraba 300, ikitandazwa chini na kwenye kingo kabla ya maji kuingia. Hapo ndipo pana tahadhari ambayo vijitabu vingi vya ufugaji huipita haraka. Udongo mweusi wa mfinyanzi wa nyanda za Kano, ule unaonata kwenye viatu masika na kupasuka nyufa kiangazi, kwa kawaida si mchachu kama udongo mwekundu wa milimani. Vidimbwi vingi vilivyochimbwa ndani yake huwa tayari na ualkali wa kutosha. Mwenye kidimbwi cha namna hiyo anayetia mfuko baada ya mfuko kwa sababu jirani yake wa Kisii au Nandi alifanya hivyo anatupa fedha. Kipimo cha ualkali kikizidi miligramu 50, chokaa haina kazi kubwa ya kufanya.

Tatizo la udongo huo ni jingine: maji ya rangi ya chai ya maziwa. Chembe za mfinyanzi ni ndogo mno, husukumana kwa umeme wake na kukataa kutuama. Jua halipenyi, mwani hauoti, na oksijeni ya mchana haipatikani. Jasi huzifanya chembe hizo zishikane na kuzama, na ni njia ya upole. Shabu, ile ile inayotumiwa majumbani kusafishia maji ya kunywa, hufanya kazi haraka zaidi. Miligramu 20 kwa lita, sawa na kilo 6 kwa kidimbwi chenye mita 300 za ujazo, mara nyingi hutosha. Lakini kila miligramu moja ya shabu humeza karibu nusu miligramu ya ualkali. Katika maji yenye akiba ndogo, pH huporomoka na samaki hufa ndani ya maji yaliyong'aa kama kioo. Busara ni kujaribu kwanza kwenye ndoo tatu au nne kwa viwango tofauti, na kuona ni kiasi gani kidogo kabisa kinachotosha.

Tangi la kioo na matumbawe

Hesabu hiyo hiyo hubana zaidi katika tangi la kioo la nyumbani, ambalo baadhi ya wakazi wa Kisumu na miji jirani hulifuga kwa mapambo. Jumba la Makumbusho la Kisumu, lililofunguliwa mwaka wa 1980, limewazoesha wageni kuona samaki wa ziwa nyuma ya kioo. Miongoni mwao wenye thamani ya pekee ni fulu, vijisamaki vya rangi ambavyo Ziwa Victoria lilikuwa na aina mia kadhaa kabla ya mbuta, yaani sangara, kupandikizwa kuanzia miaka ya 1950. Aina nyingi zimetoweka, na baadhi zimehifadhiwa katika matangi ya Ulaya na Marekani. Mwenye tangi la fulu, kwa hiyo, huenda ana kiumbe ambacho hakipatikani tena kwa urahisi ziwani.

Tangi la lita 200 likipewa gramu 5 za chakula kwa siku hupata naitrojeni ya amonia ya miligramu 0.75 kwa lita kila siku. Bakteria wa kwenye chujio huigeuza kuwa naitraiti, kisha naitreti ambayo haina ukali sana. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kuzaliana vya kutosha, na ndiyo maana tangi jipya huua wakati la zamani halina shida. Kasoro yao ni kwamba kila gramu ya naitrojeni wanayoigeuza hula takriban gramu 7 za ualkali. Maji ya Ziwa Victoria yana ualkali wa karibu miligramu 50 kwa lita, yaani gramu 10 tu katika tangi zima. Akiba hiyo huisha katika siku tisa hivi iwapo hakuna maji mapya yanayoongezwa. Kubadilisha robo ya maji kila wiki kuna sababu ya hesabu, na maji ya mfereji yaliyotiwa klorini yaachwe wazi siku moja au mbili kwanza.

Wapo pia wanaotamani kufuga matumbawe hai ya baharini, burudani iliyoenea Ulaya, Marekani na Ghuba, na ambayo kwa miaka mingi imepokea samaki wa mapambo kutoka pwani ya Kenya. Kwa mtu wa Awasi ni kazi ya kuijenga bahari upya kwa chumvi maalumu. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kila kilo, kalsiamu ya karibu miligramu 410 kwa lita wakati ziwa lina chini ya 10, magnesiamu inayokaribia 1,300, na ualkali unaozidi mara mbili ule wa ziwa. Matumbawe hujenga mifupa yake kwa kaboneti ya kalsiamu, jiwe lile lile la Koru, na kwa kila miligramu 20 za kalsiamu wanazotoa majini huondoa pia miligramu 50 za ualkali. Mfugaji hulazimika kurudisha vyote viwili kwa uwiano huo, kila siku, bila kuvimimina pamoja, maana vikikutana kabla ya kuchanganyika hugeuka unga mweupe na kupotea. Magnesiamu ikipungua, unga huo hujitenga wenyewe na kuziba pampu.

Hapo ndipo chokaa iliyozimwa, muuaji wa kidimbwini, hupata kazi njema. Maji yake yaliyotuama, yenye pH zaidi ya 12, hudondoshwa tone kwa tone usiku, wakati ambapo pH ya tangi inashuka kwa pumzi ya viumbe, na hurejesha kalsiamu na ualkali kwa pamoja. Yeyote anayefikiria kuyatoa matumbawe baharini mwenyewe ajue kwamba matumbawe magumu yamo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES wa biashara ya viumbe walio hatarini, na kwamba kuyang'oa katika hifadhi za bahari kama Malindi, Watamu na Kisite ni kosa.

Kupima na kuokoa

Kwa kidimbwi, vipimo vinavyohitajika si vingi. Ualkali hupimwa mara moja kwa mwezi na baada ya mvua kubwa, kwa kifaa cha matone. Kwa pH, vipimo viwili vya siku moja, alfajiri na saa tisa alasiri, hufunua mengi kuliko thelathini vya saa nne asubuhi. Uzito wa kijani hupimwa kwa mkono: mfugaji auzamishe taratibu akiwa ameunyoosha, na kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, mwani umezidi na samadi isimamishwe. Maofisa wa uvuvi wa kaunti, pamoja na kituo cha KMFRI cha Sangoro huko Nyakach kinachoshughulikia ufugaji wa samaki, ni mahali pa kuulizia vipimo ambavyo mtu hawezi kuvifanya nyumbani.

Samaki wakikutwa wakihema juu ya maji alfajiri, chakula kisitishwe siku hiyo. Pampu ya petroli ya kumwagilia mboga inatosha kuwaokoa: mdomo wake uvute maji ya juu, si ya kwenye tope, na bomba liyarushe hewani yarudi kama mvua. Maji ya kisima kirefu yasiingizwe moja kwa moja, kwa kuwa hutoka ardhini bila oksijeni na yakiwa na hewa ya ukaa nyingi. Yapitishwe kwenye mawe au bati lililotobolewa matundu kwanza. Chokaa isitiwe, samadi isitiwe, na hakuna anayepaswa kuingia majini na kuvuruga tope. Ikiwa samaki wamefikia uzito wa kuuzwa, kuwapunguza nusu asubuhi hiyo hiyo kunaweza kuwa nafuu kuliko kungoja usiku wa pili, na wachuuzi wa Awasi na Ahero hawakatai samaki hai.

Baada ya mavuno, kidimbwi hukaushwa ili tope lipate hewa na mabaki yaoze. Kwa udongo mweusi kipindi hicho kisirefushwe: wiki mbili za jua la Januari hutosha, kwa kuwa nyufa zikishuka hadi chini ya kingo, maji ya msimu unaofuata yatapotea kabla ya vifaranga kufika.